Sentensi za Kumshangaza Mama

Kwenye jengo la Idara ya Saikolojia, ghorofa ya pili, mlango wa nne, pamebandikwa karatasi inayosema MAABARA YA UBONGO, TAFADHALI KIMYA. Ndani hakuna ubongo wa kuonekana, ukiacha ule wa plastiki wa dirishani, ambao ukiuinua vibaya unamwagika vipande. Kuna kiti cha kuegemea, kompyuta mbili, beseni la kuoshea nywele, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza kwa sababu ya karatasi. Jina lake halisi liko kwenye mkataba wa kazi. Watu wote humwita Bi Chanuo.

Ubongo hakuusomea. Alisomea nywele, na mwalimu wake alikuwa mama yake mzazi, msusi aliyeogopwa mitaa mitatu. Mama huyo alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mzito. Mteja akitikisa kichwa alipewa za uso, na binti akipinda mstari alipigwa kibao cha mkono, halafu mstari unafumuliwa na kuanza upya. Bi Chanuo alitoka kwenye mafunzo hayo akiwa na mkono ambao hata mtoto mchanga angelala unapomsuka, na ulimi ambao haukumwogopa mtu isipokuwa mmoja.

Maabara ilimpata kwa sababu ya kofia. Profesa alikuwa ameagiza kofia ya kupimia umeme wa ubongo, ya kitambaa, yenye vifungo thelathini na viwili vya madini, kila kimoja na waya wake. Ili kusikia chochote, kifungo lazima kiguse ngozi ya kichwa, kwa jeli kidogo katikati. Aliyeibuni kofia hiyo ni dhahiri alikuwa hajawahi kuona rasta. Wanafunzi walikuja na misuko yao, jeli ikakaa juu ya nywele kama mafuta juu ya supu, na kompyuta ikaandika upuuzi mtupu. Kichwa pekee kilichokubali kofia kilikuwa cha Profesa mwenyewe, ambaye ana upara. Kwa hiyo kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, yote yaliyojulikana katika chumba kile kuhusu ubongo wa binadamu yalikuwa kuhusu ubongo wa Profesa, na inasemekana hayakuwa mengi.

Aliyeokoa jahazi ni Mtafiti, mama wa watoto wawili aliyekuwa mwaka wa tatu wa shahada yake ya uzamivu na wa kumi na mbili akisukwa na Bi Chanuo. Siku moja akiwa kwenye kiti cha saluni aliuliza kama unaweza kusukwa msuko unaoacha matundu thelathini na mawili mahali maalumu. Bi Chanuo akataka kuiona hiyo kofia. Akaigeuza, akainusa, akahesabu vifungo, akasema, "Huyu aliyeishona hana dada." Wiki iliyofuata alikuwa na msuko wake, mistari inayopita katikati ya vifungo kama njia za shambani, na wiki iliyofuata hiyo alikuwa na mkataba.

Saluni, mteja huitwa kichwa. Nina vichwa vitatu vinasubiri, kile kichwa cha jana hakijarudi. Maabara walikuwa wakisema "washiriki wa utafiti". Mwezi haujaisha, Profesa akasikika kwenye simu akimwambia mtu wa wizarani kwamba muhula huu wana upungufu wa vichwa.

Vichwa vyenyewe vilikuwa vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walioahidiwa maksi mbili kwa kila saa waliyokaa chini ya kofia. Bi Chanuo aliliona jambo hilo mapema na halikumwingia akilini. Ukutani kuna chati imeandikwa UBONGO WA BINADAMU, lakini binadamu wote waliopita pale walikuwa na miaka kumi na tisa, hawajanywa chai, na nusu yao walikuwa wakisinzia. "Mkisema binadamu hufikiri hivi na vile," alimwambia Mtafiti, "ongezeni kwamba anapokuwa na njaa."

Alipenda kuuliza, na Mtafiti alipenda kueleza. Zamani, alielezwa, wataalamu walikuwa wanasubiri mtu aumie kichwa, kisha wanaangalia amepoteza nini. Aliyeumia hapa anashindwa kutamka, aliyeumia pale anatamka lakini anasema vitu visivyoeleweka. Hivyo ndivyo walivyojua sehemu ipi hufanya kazi ipi.

"Sasa walikuwa wanakaa tu wanasubiri?"

"Walisubiri, ndiyo."

"Kama mafundi wa majeneza."

Siku hizi, Mtafiti aliendelea, kuna mashine kubwa ya hospitali ambayo unaingizwa mzimamzima, nayo inaangalia damu inakimbilia wapi unapofikiri. Kofia kazi yake ni kusikiliza umeme. "Ni kama kuweka sikio kwenye ukuta wa jirani," alisema. "Maneno huyasikii. Ila unajua kama wamelala au wanagombana." Bi Chanuo alikuwa ameishi miaka kumi na saba katika nyumba ya ukuta mmoja na majirani, akaielewa sayansi hiyo pale pale.

Muhula ule walikuwa kwenye utafiti wa sentensi. Mtu anavaa kofia na spika za masikioni, anasikilizishwa sentensi mia na ishirini. Nusu zimenyooka, nusu zimepinda neno la mwisho. Ukimwambia mtu kwamba umefua shuka ukazianika kwenye kamba, ubongo unapita zake. Ukimwambia umezianika kwenye supu, ubongo unashtuka, na kabla nusu sekunde haijaisha mstari kwenye kompyuta unashuka. Mwenyewe hana la kufanya. Hata akijitia hajali, ubongo wake umeshasema eti nini.

"Hata kama hawezi kuongea?" Bi Chanuo aliuliza, mkono umesimama hewani na chanuo lake.

"Hata kama hawezi. Haihitaji aseme wala abonyeze kitu."

Bi Chanuo alirudi kusuka, lakini mwanafunzi aliyekuwa kitini anakumbuka kwamba kwa robo saa nzima yule mama hakusema neno, akadhani ameudhika.

Nyumbani kwao, katika chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara, mama yake alikuwa amelala mwaka na miezi miwili. Kiharusi kilimwangusha akiwa na chanuo mkononi. Kiliondoka na upande wake wa kulia na kikaondoka na mdomo wake, kile kitu ambacho kwa miaka sabini na minne hakuna aliyewahi kukinyamazisha. Macho yalikuwa wazi. Uji alimeza. Zaidi ya hapo, hakuna. Daktari wa kwanza alisema tusubiri, wa pili akasema tusitarajie, na wa tatu alisema hajui, na Bi Chanuo akamheshimu huyo kuliko wenzake wote.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekata shauri. "Mama hayupo pale, mdogo wangu," alisema, akiwa amesimama kando ya kitanda cha mama. "Ule ni mwili tu umebaki. Tusijidanganye." Baada ya hapo watu walianza kuzungumza chumbani mle kama watu wanaosubiri basi. Walijadili ugonjwa wake, haja zake, na majirani aliowapenda. Wifi, mke wa kaka, aliupenda mkoba wa ngozi na cherehani, akavichukua mchana kweupe, kwanza akiupima mkoba begani mbele ya kioo cha mama mwenyewe. Dada yao wa kati alipiga simu kila Jumapili, na simu ikawekwa spika juu ya mto, na humo ndani yalisemwa yote.

Sasa kaka alikuwa amekuja na jipya. Alitaka mama ahamishiwe chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha, kinachowekwa magunia na baiskeli. Cha mbele kingefaa mtu mwenye matumizi nacho. Mama, alisema, haoni tofauti. Wangemhamisha mwisho wa mwezi. Bi Chanuo alikataa, lakini alipoulizwa ana hoja gani hakuwa nayo. Alikuwa na hisia tu, na kaka yake hakuwahi kushindwa na hisia.

Basi akaenda kwa Profesa. Alimkuta ofisini akisoma karatasi zake, akamwambia anataka kuleta kichwa.

"Cha nani?"

"Cha mama yangu. Amepooza. Nataka kujua kama anasikia watu wanapoongea."

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa sampuli. Alieleza kwa upole kwamba utafiti umeidhinishwa kwa watu wazima wenye afya, wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano, kwamba kuna kamati ya maadili, kwamba kumwongeza mtu ni barua na mhuri. Halafu, kwa unyonge, akaongeza kwamba hata hivyo utafiti wenyewe umekwama. Vichwa arobaini vimepita, na mistari ya sentensi zilizonyooka na ya zilizopinda inashuka sawasawa. Ubongo wa wanafunzi hawa hautofautishi lenye maana na lisilo na maana. Alikuwa ameanza kuandika makala kuhusu hilo, yenye nadharia ndani yake.

Bi Chanuo aliondoka akiuma meno. Hakuzijua sentensi zenyewe, maana zilisikika masikioni mwa wanafunzi tu. Lakini siku ya pili yake spika za masikioni zilikufa, Mtafiti akachomeka spika za mezani, na sauti ya Profesa ikajaa chumba.

"Mama alikimbia nje ya sukari," ilisema.

Bi Chanuo aliacha kupaka jeli. "Sukari ilikuwa inamfukuza?"

"Bi Chanuo, kimya tafadhali, tunarekodi."

"Baba alichukua kuoga kabla ya kazi," ilisema sauti. "Dada alitengeneza marafiki wapya."

"Kwa mbao?"

Mwanafunzi mwenye kofia aliangua kicheko, na mawimbi yote ya ubongo wake yakaenda na maji. Mtafiti akazima mashine. Bi Chanuo akaomba aonyeshwe zile zilizonyooka na zile zilizopinda, akawekewa orodha mbili mbele yake. Mama alikimbia nje ya sukari ilikuwa imenyooka. Iliyopinda ilikuwa mama alikimbia nje ya nyumba.

"Mwanangu," Bi Chanuo alisema, "hii iliyopinda ndiyo yenye akili."

Ikatoka siri. Sentensi zilikuwa zimetoka kwenye utafiti wa watu wa mbali, kwa lugha yao, na Profesa alizitafsiri mwenyewe, neno baada ya neno, wikiendi moja, hata mama aliyeishiwa sukari akawa anaikimbia. Mtafiti alizisoma mara mia mbili hadi zikaacha kumshangaza. Na hata mwanzoni, zilipomshangaza, nani amkosoe Profesa? Wanafunzi arobaini walikuwa wamekaa pale na akili zao timamu, kila ubongo ukisema eti nini mara mia na ishirini mfululizo, nao wakaandikiwa nadharia.

Bi Chanuo alishuka na karatasi hadi ofisini. Alimsomea Profesa sentensi yake ya sukari, taratibu, akamtazama. Profesa alivua miwani, akaisoma tena mwenyewe, midomo ikichezacheza.

"Nitawaandikia mia na ishirini zenye kusemwa na watu," Bi Chanuo alisema. "Na nywele nitasuka. Ila kichwa cha kwanza kuandikiwa barua ya kamati ni cha mama yangu. Vinginevyo chanuo naliweka mkobani leo, mtabaki na upara wako."

Barua ilichukua siku tisa. Makala yenye nadharia ilitiwa kwenye droo, na droo ikafungwa kwa ufunguo.

Sentensi walizitunga wawili, Bi Chanuo akisema, Mtafiti akiandika na kisha kuzirekodi kwa sauti yake. Chai imepoa, ipashe moto. Chai imepoa, ipashe kabati. Mtoto akilia mbembeleze, mtoto akilia mkaange. Walizijaribu kwanza kwa wanafunzi sita, na mistari miwili ikaachana vizuri hata Profesa akapiga picha ya kompyuta kwa simu yake.

Mama aliletwa siku ya Jumatano asubuhi, kwenye kiti cha magurudumu. Kaka alikataa kuja. Alimtuma mkewe, zaidi akashuhudie upuuzi huo kuliko kusaidia. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza walimpandisha ngazi juu kwa juu, wakidai maksi.

Bi Chanuo alimsuka mwenyewe. Nywele za mama zilikuwa nyeupe na chache, na alizigawa kwa kucha, polepole, kama alivyofundishwa. Mstari wa tatu ulimpinda kidogo juu ya sikio. Kwa mazoea ya utotoni mkono wake ukajikunyata, ukingoja kibao. Hakikuja. Akaufumua, akauanza upya.

Walimvalisha kofia na spika. Dakika arobaini mama alikaa akitazama ukutani, uso wake haukubadilika kwa kamba wala kwa supu. Wifi alikaa mlangoni, akipekua simu. Sentensi moja peke yake haikuambii kitu, Mtafiti alikuwa amekwisha kueleza. Mtu anapepesa, anameza mate, moyo unadunda, na kompyuta inayasikia yote hayo pamoja. Lazima zikusanywe zote, zichujwe, zilinganishwe. Uchujaji ule ulichukua saa nzima. Bi Chanuo alishika tama, roho juu, akamwomba Mungu, kisha akamwomba radhi kwa kumsumbua na mambo ya saikolojia.

Mistari ilitokea miwili kwenye kioo, wa buluu na mwekundu. Ilianza pamoja. Ilitembea pamoja kitambo kidogo. Kisha mwekundu ukaporomoka.

"Huu mwekundu ndio wa zile za ovyo?" Bi Chanuo aliuliza.

"Ndiyo."

"Na umeshuka."

"Umeshuka." Mtafiti alikohoa. Profesa alikuwa amesimama nyuma yake. "Kwa tahadhari zote, tunaweza kusema kuna dalili za uchakataji wa maana katika kiwango cha..."

"Mwanangu. Niambie kwa maneno ya nyumbani."

"Maneno anayaelewa, Bi Chanuo. Ubongo wake umeshangaa pale pale anaposhangaa mtu yeyote."

Bi Chanuo alilia bila aibu. Alimkumbatia Mtafiti, akamkumbatia Profesa, ambaye hakujua aweke wapi mikono, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti, akamwita mama, mama, mama. Mpango wa chumba cha nyuma ulikuwa umekufa kifo chake. Furaha aliyokuwa nayo ilimtosha mtu na kubaki.

Ni wifi aliyeuliza, kutoka mlangoni, na simu imemlegea mkononi. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?" Mtafiti alisema.

"Anaelewa tangu lini?"

Mtafiti alimtazama Profesa. Profesa aliutazama ubongo wa plastiki. "Hilo kofia haiwezi kusema," alijibu hatimaye. "Inawezekana tangu siku ya kwanza."

Wifi aliziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba angeweza kuyarudisha yote aliyoyasema chumbani mle.

Jioni hiyo hiyo mkoba na cherehani vilirudi. Wifi aliviweka kwenye kona, akainama kitandani akasema shikamoo mara tatu, akatoka karibu akimbie. Kaka alikuja kesho yake amevaa suti. Alisimama wima akatoa hotuba ndefu kuhusu msongo wa mawazo na namna maneno yanavyoweza kueleweka vibaya. Bi Chanuo, aliyekuwa akimlisha mama uji, alimwambia akae chini aseme samahani kama watu, na yeye akakaa akaisema. Dada wa kati alipiga simu, akaomba isiwekwe spika.

Bi Chanuo aliwacheka wote kwa siku tatu. Siku ya nne kicheko kikamwishia.

Alikuwa amemkumbuka mtu mmoja aliyebaki bila kuomba radhi. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa saba au wa nane wa ugonjwa, shuka zimechafuka mara ya tatu, mgongo unamuuma. Dada yake alikuwa kwenye spika juu ya mto. Na yeye, Bi Chanuo, kipenzi, mwenye mkono mwepesi, alisema bora mama angekwenda siku ile ile alipoanguka, akatuachia tupumue. Aliisema kwa sauti yake ya kawaida, akiwa ameushika mguu wa mama.

Kule maabara alimuuliza Mtafiti, kwa namna ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama kofia inaweza kuonyesha mtu amekasirika. Au amesamehe.

"Hapana, Bi Chanuo," Mtafiti alisema. "Tunajua yumo. Anachokisema humo ndani hatukijui."

Alitoka kazini mapema. Jua lilikuwa bado kali, dirisha la chumba cha mbele li wazi, watu wanapita barabarani na vikapu vyao. Mama alikuwa ameegemezwa mito, macho wazi. Bi Chanuo alisimama kando ya kitanda kama alivyokuwa akisimama utotoni mstari ulipopinda.

"Mama," alisema, "yale niliyomwambia dada siku ile ya shuka, uliyasikia." Akayarudia, neno kwa neno, maana kuyapunguza kungekuwa uongo na aliyelala pale si mtu wa kudanganywa. "Niliyasema mimi. Nilikuwa nimechoka, lakini niliyasema, na nilikuwa nayataka kweli kwa muda ule. Nisamehe."

Mama alipepesa. Mtu hupepesa.

"Najua ungekuwa na mdomo ungenitukana mpaka majirani watoke nje." Alivuta kiti, akakisogeza hadi magoti yake yakagusa kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukimpiga vibao. "Basi nitukane humo humo ndani, mama. Usiache hata moja. Mimi nimekaa hapa mpaka umalize."